Koti Jekundu na Zamu ya Usiku ya Mugasha

Mugasha hana saa za kazi zinazoeleweka. Bwana huyu wa ziwa na dhoruba, ambaye wazee wa Kihaya humtaja pamoja na Wamara wa kuzimu na Irungu wa porini, huanza kunguruma saa tisa usiku, usingizi ukiwa umekolea. Kukicha, unapotafuta viatu vya kwendea kazini, ndipo anapofungulia maji.

Wataalamu wa hali ya hewa wana maelezo yao. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko Ziwa Victoria, upepo ukavuma kutoka pande zote kuelekea majini, mawingu yakapanda, kisha upepo wa mashariki ukatusukumia sisi wa Bukoba. Ndiyo maana tunapata milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma kufikisha 600 ni kwa mbinde. Maelezo mazuri. Ila hapa Buhembe ninapopanga hayajawahi kumzuia bibi mwenye nyumba kufunika kioo kwa kitenge.

Radi ikianza, redio inazimwa, sufuria zinaondolewa mlangoni, na chochote chekundu kinatolewa nje. Hilo la wekundu utalisikia karibu Tanzania nzima. Balaa ni kwamba koti langu la mvua, la mtumba na bado zima kabisa, ni jekundu. Bodaboda wa kijiweni wananijua. Wingu likitanda wananipandishia nauli, likinguruma hawanibebi. "Tembea tu, kaka, mimi nina watoto."

Jumapili moja ya Novemba tulikuwa sebuleni tunatafuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, dhoruba ikaingia. Bibi akaliona koti kwenye kiti.

"Waitu, mjukuu wangu! Unataka tufe wote?"

Akalinyanyua kwa ncha ya mwiko, mkono ameunyoosha kama aliyebeba nyoka, akaenda kulitundika kwenye mlango wa choo cha nje. "Kama ni lazima ipige, ikapige huko."

Babu, mwalimu mstaafu wa fizikia, alicheka hadi akapaliwa. Radi haina macho, alisema. Haijui nyekundu wala kijani, inatafuta kilicho kirefu. Akaanza habari za Rugomora Mahe, mfalme anayesimuliwa kwamba aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma hadi mbinguni, mnara ukaanguka. Kule Katuruka, panapohusishwa na mfalme huyo, waakiolojia wamekuta mabaki ya uyeyushaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000, kwa hiyo mafundi tulikuwa nao. Mnara wa chuma, kwa radi hizi za Bukoba! Mimi nisingepanda hata kwa posho ya mbunge.

Mvua haikukatika. Babu, ambaye tangu asubuhi alikuwa na kibuyu chake cha lubisi, pombe ya ndizi, akapunguza maneno. Akakunja mguu wa kulia. Akabadilisha, akakunja wa kushoto.

"Choo hakijafungwa, Mwalimu," Bibi akamwambia, macho kwenye ukili wake.

Babu akachukua mwavuli, akafungua mlango. Umeme ukamulika uwanja mzima, na pale chooni koti likajaa upepo, likampungia mikono yote miwili. Akafunga mlango taratibu.

"Mwavuli huu una ncha ya chuma," akasema. "Kitaalamu, si salama." Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza kama nyumba hii haina ndoo.

Bibi akamjibu kwamba ipo, ila ni nyekundu, na ameshaitoa nje.