Zege la Nyumbani

Miongoni mwa vyakula vya Tanzania vilivyozaliwa kwa kuunganisha vyakula viwili ambavyo kila kimoja kilikuwa kinajitosheleza, chipsi mayai ndiyo yenye sifa kubwa zaidi ya kupikwa haraka, na sifa hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa imewaponza wazazi wengi waliotoka kazini saa kumi na mbili jioni wakiwa na viazi mkononi na matumaini ya kula kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Kwa msomaji asiyeifahamu, kama yupo, chipsi mayai ni vipande vya viazi mviringo vilivyokaangwa kwenye mafuta mengi, ambavyo hutandazwa kwenye kikaango kidogo na kumwagiwa mayai yaliyopigwa, vikashikana na kuwa duara moja nene linalogeuzwa mara moja na kuliwa na kachumbari. Mitaani hujulikana pia kama zege, yaani ule mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto unaomwagwa kwenye msingi wa nyumba, na yeyote aliyewahi kumaliza sahani yake peke yake hana sababu ya kulipinga jina hilo.

Afrika Mashariki haina uhaba wa vyakula vya namna hii. Kampala kuna roleksi, ambayo ni mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati pamoja na nyanya na kabichi; Unguja kuna urojo, ambamo bajia, kachori, viazi na vipande vya muhogo vya kukaanga hukutana katika supu moja yenye ukali wa embe bichi na ndimu; na pale Forodhani kuna kile kinachoitwa pizza ya Zanzibar, ambayo ni chapati nyembamba iliyokunjwa juu ya nyama ya kusaga na yai. Wahispania nao wana chapati yao nene ya viazi na mayai, ingawa wao huvipika viazi taratibu kwenye mafuta ya zeituni hadi vilainike, jambo ambalo mteja wa Manzese angelihesabu kuwa ni kuharibu chipsi. Roleksi, urojo na pizza hiyo ya Forodhani vina tabia moja, nayo ni kwamba vilikulia barabarani, mbele ya mteja aliyesimama, na kasi yake ilipimwa tangu mteja anapoagiza hadi anapopokea, wala si tangu kiazi kinapotoka kwenye gunia.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja nzima. Haraka ya chipsi mayai ni haraka ya kuazima. Mteja anayefika kwenye banda saa mbili usiku na kusema, “Kaka, zege moja, mayai mawili, pilipili kwa mbali,” huona dakika tano tu za mwisho za kazi iliyoanza mchana, wakati muuzaji alipokaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamenya viazi, akavikata, akaviosha na kuvikaanga mkupuo wa kwanza, kisha akavirundika ndani ya kabati la vioo vikisubiri. Mkupuo huo wa kwanza una maana kubwa katika ufundi wa kukaanga, kwa sababu mafuta ya joto la wastani, karibu nyuzi 150 za Selsiasi, huivisha kiazi ndani, na ule wa pili wa moto mkali zaidi hukipa rangi na ukakamavu wa nje. Mzazi anayesema nyumbani kwamba leo watakula kitu chepesi, chipsi mayai tu, amejiajiri bila kujua kazi za watu wawili, yule wa mchana na yule wa usiku, na mchana umeshapita.

Tatizo la kwanza hujitokeza kwenye kumenya. Familia ya watu watano huhitaji kilo moja na nusu ya viazi, pengine mbili ikiwa kuna kijana aliye kidato cha pili, na katika nyumba nyingi kisu chenye makali ni kimoja, na siku hiyo hakionekani. Watoto wanaoitwa kusaidia hufanya kazi kwa moyo mweupe, lakini humenya kwa namna ambayo kiazi cha ukubwa wa ngumi hubaki na umbo la kete ya bao, huku maganda yenyewe yakiwa na unene wa kutosha kukaangwa. Vipande vilivyokatwa vikiachwa wazi huanza kuwa vyeusi, kwa kuwa vimeng’enya vilivyomo ndani ya kiazi, yaani zile protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, hukutana na hewa ya oksijeni mara tu kisu kinapopita. Ndiyo maana vipande hulowekwa kwenye maji, ambayo pia huondoa wanga wa juu unaofanya chipsi zishikane kabla ya wakati wake.

Maji hayo yanayookoa rangi ndiyo yanayoleta balaa la pili. Mpishi mwenye haraka huchota vipande kwa chujio, huvitikisa mara mbili kwa heshima tu, kisha huvitumbukiza kwenye karai la mafuta yanayofuka. Tone la maji linapogeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, na kwa kuwa limezama chini ya mafuta yenye joto linalozidi nyuzi 170, halina njia ya kutoka ila kwa kurusha mafuta juu, ukutani, kwenye kalenda, na kwenye mkono wa shati la kazini ambalo halikuvuliwa kwa sababu pishi lilikuwa la dakika chache. Katika hatua hii mpishi huonekana amesimama hatua mbili kutoka kwenye jiko, mkono mmoja umenyoosha mwiko na mwingine umeshika mfuniko wa sufuria mbele ya uso kama ngao ya askari wa Kirumi, akiwaamuru watoto warudi sebuleni kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia. Kitambaa safi cha kukaushia kingemaliza tatizo lote kwa nusu dakika. (Hakuna uchunguzi wa jikoni usiofika kwenye kitambaa, na hakuna jikoni ambamo kitambaa hicho ni kikavu saa moja usiku.)

Kuhusu gesi, inatosha kusema kwamba mtungi huisha wakati chipsi zimefikia rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo, yaani hazijaiva wala si mbichi. Kila nyumba ina mtaalamu anayeutikisa mtungi na kutangaza kwamba bado imo, na pengine ni kweli, kwa sababu gesi ya kupikia hukaa ndani ya mtungi ikiwa kimiminika, nayo hunyonya joto la chuma cha mtungi inapogeuka kuwa hewa, hivyo mtungi uliotumika kwa moto mkubwa hupoa na kusukuma gesi kwa unyonge kabla haujaisha kabisa. Wapo wanaoulaza mtungi ubavu ili ukamuliwe mpaka tone la mwisho, na hao waachwe na onyo tu, kwa kuwa kimiminika kikiingia kwenye mpira wa jiko, moto unaofuata hauhusiani tena na chakula cha jioni. Nyumba nyingine zote hurudi kwenye jiko la mkaa lililofichwa uani, na taarifa ya habari husikilizwa kwa mbali kati ya mipepeo miwili ya kipepeo.

Chipsi zikishapatikana, huja kosa la kiufundi ambalo linawahusu hasa wapishi wenye bidii. Ili kuokoa muda, mayai manane hupigwa kwenye bakuli kubwa pamoja na kitunguu, hoho na chumvi, kisha chipsi zinazotoka kwenye mafuta hutumbukizwa humo humo zikiwa bado zinachemka. Ute mweupe wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi na kiini hufuata muda mfupi baadaye, kwa hiyo mayai yanayoguswa na chipsi za joto kama hilo huiva ndani ya bakuli, kwa mabongemabonge, kabla hata hayajaliona jiko. Wauzaji hawafanyi hivyo. Wao hutandaza chipsi zilizopoa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, huzipasha, ndipo humwaga mayai mawili au matatu juu yake na kukiinamisha kikaango huku na huku mpaka yai lijaze mianya yote, na gundi inayotengenezwa hapo ndiyo siri ya zege kushikamana.

Lakini hayo yote ni utangulizi wa tendo lenyewe, ambalo ni kugeuza. Muuzaji hutumia kikaango kidogo, cheusi, kilichozoea mafuta kwa miaka, na mzigo wake ni mayai mawili na kiganja cha chipsi. Hupitisha kisu ukingoni, hufunika kwa sahani, hupindua, na kuliteleza duara lirudi kikaangoni upande wa pili huku akipokea hela ya mteja mwingine. Mpishi wa nyumbani, akitaka watu watano wale kwa wakati mmoja, hutengeneza duara moja la familia. Mayai manane ya kawaida yana uzito wa gramu 400 hivi, chipsi za watu watano si chini ya nusu kilo, na kikaango kipana cha chuma kina uzito wake, hivyo mkono unaoshika mpini hubeba kilo mbili zilizojaa kwenye ncha ya mbali kabisa na kifundo cha mkono, mahali ambapo kila gramu huhesabiwa zaidi ya mara moja.

Hapo huletwa sahani. Sahani kubwa kuliko zote nyumbani hugundulika kuwa na upana uliopungua sentimita tatu kuliko kikaango, lakini ugunduzi huo hufanyika baada ya mpishi kuhesabu moja, mbili, tatu, na kupindua. Katikati ya duara hubaki kwenye sahani, ukingo hushuka pembeni kwa utaratibu wa maporomoko, yai ambalo halijaganda hupita juu ya kifundo cha mkono na kuingia ndani ya mkono wa shati, na nusu ya upande wa chini, ule ulioachwa uive vizuri, hubaki imeng’ang’ania kikaango. Kimya kinachofuata huvunjwa na mtoto mdogo kuliko wote, anayeuliza kama sasa ndiyo wanakula.

Kwa lugha ya ufundi, kilichopatikana si zege tena bali kifusi. Wapishi wenye uzoefu huchukua mwiko, hukivuruga chote kikaangoni bila kubadili uso, na kukiandaa mezani kana kwamba huo ndio uliokuwa mpango tangu asubuhi. Hila hiyo hufaulu kwa watoto, ambao hawajali umbo maadamu chupa nyekundu ya sosi ya nyanya ipo, lakini haifaulu kwa mama mkwe aliyekuja kutembelea wajukuu, ambaye hulitazama sinia kwa muda, kisha humgeukia mkwewe kwa upole wa kutisha: “Baba, hiki ni kitafunwa, siyo? Chakula chenyewe kinakuja?” Mkwe hana jibu lenye heshima ila, “Kinakuja, mama,” na maji ya ugali hubandikwa saa mbili na nusu.

Hata duara likitoka zima, kuna suala la kuligawa. Mwaka 1948 mwanahisabati wa Poland, Hugo Steinhaus, alichapisha makala kuhusu ugawaji wa haki, akianzia kwenye kanuni ya zamani kwamba kati ya watu wawili mmoja akate na mwingine achague, na kuonyesha kwamba wakizidi wawili mambo huhitaji utaratibu mrefu zaidi. Kanuni hizo huruhusu watu kupenda sehemu tofauti za kitu kimoja, na kwa kweli zege huzitendea haki hisabati hizo, kwa kuwa katikati ni laini na ukingoni ni kukavu, na kila mtoto ana msimamo. Mgumu kuliko wote ni yule asiyekula kitunguu, ambaye huchambua kila kipande kwa kijiti cha kuchokolea meno kwa uangalifu wa mchimba mabaki ya kale, akijenga kilima cha vitunguu pembeni mwa sahani na kuiacha nafasi yake mezani ikiwa imekaliwa mpaka saa nne.

Anayetaka kukipika chakula hiki siku ya kazi bila hasara anaweza kufanya hivyo, ilimradi akubali kuiga banda zima badala ya dakika zake tano za mwisho. Viazi vimenywe na kukaangwa mkupuo wa kwanza Jumapili mchana, wakati watu wa kusaidia wapo na kisu kinaonekana, kisha vihifadhiwe kwenye friji vikiwa vimepoa na kufunikwa. Si vema kuviweka humo vikiwa vibichi, maana baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari na chipsi hutoka nyeusi na chungu kidogo. Jumatano jioni huchukuliwa kikaango kidogo na sahani inayokizidi upana, na kila mtu hupikiwa lake, mayai mawili mawili, mtoto wa mwisho akianza. Utaratibu huo humfanya mpishi ale wa mwisho, akiwa amesimama, na hulifanya zege lake kuwa lile ambalo mayai yake yalipungua kwa sababu kuna mtu aliomba aongezewe, nalo, hata kwa mikono iliyozoea, ndilo linalovunjika.