Mambo Matano Yanayomtoa Jasho Mpiga Hesabu za Mfereji

Funga lango la mfereji ghafla uone. Maji hayasimami kwa adabu: yanajaa, yanageuka wimbi, yanarudi yalikotoka. Kompyuta nayo inatakiwa iseme yatafika wapi, na saa ngapi. Tuanze na dogo.

5. Milinganyo. Naam, hiyo ndiyo nafuu! Barré de Saint-Venant, mhandisi Mfaransa, aliitoa mwaka 1871, nayo ni miwili tu: mmoja unalinda maji yasipotee, wa pili unapima nguvu zinazoyasukuma na kuyazuia. Mfereji halisi hautatuliki kwa kalamu, ndipo kompyuta ikapata ajira.

4. Farasi. Mwaka 1834, kwenye mfereji wa Union karibu na Edinburgh, boti iliyovutwa na farasi ilisimama ghafla. Wimbi moja likachomoka, likaenda zake. Mhandisi John Scott Russell akalifukuza akiwa juu ya farasi kwa maili moja au mbili, hadi likampotea. Milinganyo ya Saint-Venant haiwezi kulieleza wimbi lile. Farasi angalau alijaribu.

3. Malango. Kila moja lina kanuni yake. Ya mtu anayelifungua usiku wa manane haijaandikwa.

2. Haraka. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionya mwaka 1928: katika hesabu za hatua kwa hatua, wimbi lisiruke zaidi ya kipande kimoja cha mfereji kwa hatua moja. Kwenye kina cha mita 1, wimbi hukimbia mita 3.1 hivi kwa sekunde. Maji yenyewe yakienda mita 1, vipande vya mita 100 vinakuruhusu sekunde 24 tu kwa hatua. Zidisha, na skrini itakuonyesha kina cha chini ya sifuri. Hongera, umechimba kisima. Njia nyingine ya kuhesabu, ya Preissmann, inavumilia hatua ndefu bila kulipuka, ila wimbi kali hutoka limelainika kama uji.

1. Namba ya Manning, ya ukwaruzo. Saruji laini ni 0.013 hivi; magugu yakiota, 0.030 si ajabu, na kwa kina kilekile kasi inashuka chini ya nusu. Magugu hayatoi taarifa. Kwa hiyo namba hii husogezwasogezwa mpaka modeli ilingane na vipimo, na makosa yote mengine hujificha humo: lango linalovuja, kina kilichopimwa kwa macho, mteremko wa kukisia. Ukionyeshwa mchoro uliolingana mno, usipige makofi. Uliza namba imewekwa ngapi, kisha mpigie simu mkulima wa mwisho wa mfereji, umuulize kama maji yamefika.