Waraka kwa Jamaa wa Bariadi Kuhusu Ufufuaji wa Giaboksi Nyumbani

Waraka huu unaelekezwa kwa jamaa wa Bariadi, pamoja na wale wa Maswa, Itilima, Meatu na Busega watakaosomewa, kwa kuwa swali linaloulizwa kila simu inapopigwa, la kwa nini ndugu yao aliyesomea uhasibu na kuhamia Columbus, katika jimbo la Ohio, ameonekana pichani akiwa na oili nyekundu hadi viwikoni, linastahili jibu la kina.

Chanzo ni ujira. Mkoani Simiyu, gari la otomatiki, yaani lile lisilo na klachi ya mguu na linalobadili gia lenyewe, likiharibika giaboksi, mara nyingi giaboksi nzima hushushwa na kupachikwa nyingine ya mtumba iliyoagizwa Gerezani, Dar es Salaam, na fundi hulipwa kwa mapatano. Marekani mambo ni kinyume: vipuri vya kuifufua giaboksi hupatikana kwa dola mia chache, lakini gereji nyingi hutoza zaidi ya dola 100 kwa kila saa ya mkono wa fundi, na kazi yote huweza kufika dola 3,000, fedha ambazo gari lenyewe, likiuzwa, haliwezi kuzirudisha. Mhasibu yeyote akiziweka hesabu hizo kwenye karatasi atavua tai na kuingia uvunguni.

Mtambo wenyewe si mgeni duniani, kwani giaboksi ya otomatiki ilianza kuuzwa kwa wingi katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Mbele yake hukaa konveta, chungu cha chuma kilichojaa oili, ambamo pangaboi linalozungushwa na injini huisukuma oili hiyo ikazungusha pangaboi la pili, hata gari likaweza kusimama bila injini kuzimika. Nyuma yake hufuata gia za sayari, zilizopangwa kwa kuzunguka gia moja ya katikati iitwayo jua, na sahani za klachi, nyingine za chuma tupu na nyingine zenye utando wa kukwaruza, ambazo hubanwa na pistoni zinazosukumwa kwa oili. Amri zote hutoka kwenye valvu bodi, bamba lenye vijia vyembamba vingi ambamo oili huelekezwa kwenye klachi za gia inayotakiwa.

Hitilafu ya gari la ndugu huyo wa Columbus ilikuwa ya kuteleza: kila lilipotakiwa kuingia gia ya tatu, injini ilinguruma kama inayopanda mlima ilhali gari halikuongeza mwendo. Sili za pistoni, ambazo ni za mpira, hukauka kwa joto na umri, oili ikavuja pembeni yake, sahani zikakosa kubanwa sawasawa, zikasuguana hadi zikaungua. Na oili iliyokuwa nyekundu ikageuka ya hudhurungi yenye harufu ya kitu kilichosahauliwa jikoni.

Giaboksi ikabidi ifunguliwe, na hapa ndipo kitabu cha mafunzo ya kuifufua kilipomtia mzaliwa wa Bariadi katika fadhaa isiyoelezeka. Kinaagiza kwamba vipande vyote vifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa sababu unyuzi mmoja wa pamba ukiingia kwenye kijia cha valvu bodi unaweza kukwamisha valvu na kuharibu kazi yote. Mtu aliyesomeshwa kwa pamba kuanzia darasa la kwanza, ambaye ukoo wake umezipanda mbegu za Ukiriguru na kuisubiri bei ya msimu kama wengine wanavyosubiri mvua, akalazimika kuifukuza pamba gerejini mwake, na fulana yake ya pamba ikafuata.

Kitabu hichohicho kinaendelea kukataza grisi ya kawaida, ambayo haiyeyuki vizuri katika oili ya giaboksi na huweza kuziba vijia, na badala yake kinaelekeza kwamba gololi ndogo za valvu bodi zishikizwe mahali pake kwa mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ambayo giaboksi ikipata moto huyeyuka bila madhara. Mafuta hayo yalichukuliwa kwenye kabati la mke, na suala hilo bado linajadiliwa katika ngazi ya kaya.

Upungufu mkubwa wa ufundi wa ughaibuni, hata hivyo, ni ukosefu wa watazamaji. Gereji ya Bariadi ina saidia fundi, mwenye gari aliyekaa kwenye benchi, na wapita njia watatu wanaojua zaidi ya fundi. Columbus mlango hufungwa, kwa sababu kanuni za mtaa zinakataza kutengeneza gari mahali panapoonekana, na giaboksi ya kilo zisizopungua 60 hupandishwa kwa jeki bila hata mtu mmoja wa kusema "hapo bado".

Gari sasa linaingia gia ya tatu. Ombi la mjomba wa Somanda, kwamba giaboksi ya gari lake la Noah ipakiwe na kutumwa Columbus, limepokelewa kwa heshima zote, lakini haliwezi kutekelezwa, kwa kuwa gharama ya kuisafirisha ingetosha kununua nyingine Gerezani. Mjomba anashauriwa kwanza achomoe kijiti cha kupimia oili, maana kuteleza huweza kuletwa na oili iliyopungua tu, kisha amwulize kwa upole yule kijana aliyeliazima gari kwenda Lamadi ni oili ya aina gani aliyoiongeza.