Keekee ya Marehemu

Fundi wa majahazi akifariki pale Lamu, shamba la minazi hupata mnunuzi kabla matanga hayajaanuliwa, wala hutasikia kwikwi. Ngoja sasa itajwe keekee yake! Hapo ndipo ndugu wanaponuniana. Mpaka yule mjukuu wa Mombasa, ambaye msumari kwake ni kitu cha kuitia fundi, anakumbuka ghafla kwamba babu alimpenda kuliko wote.

Keekee, kwa waliosahau, ni ya kutobolea mbao: mkono mmoja unagandamiza kichwa, mwingine unapeleka uta mbele na nyuma, kamba inazungusha mti wenye ncha ya chuma. Bila tundu hilo, msumari hupasua ubao. Ni kazi ya subira na jasho, ndiyo maana warithi wameona heri waitundike sebuleni, baina ya televisheni na saa isiyotembea. Imepakwa vanishi. Uta haujaguswa tangu mazishi, kamba imeliwa na mende, lakini mgeni akiinyooshea kidole anaambiwa, "Taratibu, bwana, hiyo ina mkono wa marehemu."

Juzi kijana mmoja wa gatini, fundi kweli, mwanafunzi wa marehemu mwenyewe, alikuja kuiazima. Wakamtazama kama aliyeomba sanda.

Na tundu la msumari unaoishikilia hapo ukutani? Lilitobolewa kwa drili ya umeme. Ya jirani.