Machi ya Baba, Juni ya Waziri

Ndugu yangu uliye na mke, watoto na mashemeji, hebu tuulizane: kwenu ritani ya ushuru hufailiwa mwezi gani? KRA hutupa kuanzia Januari mosi hadi Juni 30, nusu mwaka mzima, tueleze mapato ya mwaka uliopita. Mimi ni mtu wa Machi. Kufikia Machi P9 imeshatoka kwa mwajiri, na ukiona tarakimu zimekosewa bado una nafasi ya kumfuata mhasibu azirekebishe. Naiamini Machi kwa dhati. Lakini siishi peke yangu.

Mke wangu, ambaye sote tunamwita Waziri kwa kuwa hakuna shilingi inayotoka nyumbani bila idhini yake, ni mtu wa Juni. "Baba Salim," huniambia, "mbona niwakimbilie watu na hesabu kabla hawajaniita?"

Angekuwa anategemea mshahara tu, ningemwacha. Mwenye mshahara tu hukatwa PAYE kila mwezi, na mara nyingi mwaka ukiisha hadaiwi kitu. Akifaili Februari au Juni, kwake ni mamoja. Lakini Waziri ni mwalimu, na shule zikifungwa huendesha warsha za walimu wenzake. Malipo ya warsha hukatwa asilimia 5 kabla hajayapokea, ilhali mshahara wake umeshafika kiwango cha kutozwa asilimia 30. Ile 25 iliyobaki ni deni, nalo halingoji Juni. Mwisho wake ni Aprili 30. Ukichelewa kuna adhabu ya asilimia 5, kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi. Nimemweleza hayo mezani, nimemweleza kitandani, nimemweleza hata ndani ya feri ya Likoni upepo ukivuma. Jibu ni moja: "Tutaona." Nawe uliyeoa unaijua hiyo tutaona.

Mamake ni mtu mwingine kabisa. Huyo tunamwita Bi Ishirini. Ana vyumba vya kupangisha Likoni, na ushuru wa mapato hayo, asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya, hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ikifika tarehe 17, simu yangu inalia. "Mwanangu, hujambo? Watoto? Umeshanilipia?" Pesa zenyewe huwa ameshazituma kwa M-Pesa.

Shida ya Bi Ishirini ni paswadi. PIN yake ilisajiliwa na kijana mmoja wa saiba, akaweka baruapepe yake mwenyewe, kisha akahamia Malindi. Kila paswadi ikisahaulika, mpya huenda Malindi. Hapo Bi Ishirini humpigia, akamuuliza mke, akamuuliza mtoto, akamuuliza mguu wa babake, na mwisho kabisa ndipo aulizie paswadi. Nimemsihi tuibadilishe anwani hiyo, maana mlango wa hesabu zako haufai kufunguliwa na mtu mwingine. Hataki. "Nikibadilisha, yule mtoto nitamjulia hali vipi?"

Basi Jumamosi moja ya Machi nikatangaza kwamba leo tunafaili. Waziri akasema hana neno, mradi P9 yake ionekane. Tukapekua kabati, begi la shule, hata chini ya godoro. Angeweza kuomba nyingine kwa mhasibu wa shule, lakini hawasemezani tangu harusi moja ya Kilifi ambako palizuka maneno juu ya sare za leso. Kisa hicho kina mengi, nikikianza hatumalizi leo.

Aliyeiona P9 ni Salim, miaka minane, Mkaguzi Mkuu wa nyumba hii. Aliiona kwa sababu ndiye aliyeichukua. Alikuwa ameivika daftari la Hisabati: selotepu pembe zote, jina lake kwa kalamu ya wino mwekundu, na chini ya jina, mshahara wa mamake wa Januari hadi Agosti ukisomeka waziwazi. Darasa zima la tatu lilikuwa limeshauona. Miezi iliyobaki ilikuwa nyuma, na jumla ya mwaka, ndiyo tuliyoihitaji, imekunjwa ndani.

Hakukubali jalada lake livuliwe. Mwalimu alikuwa amelibandika nyota. Waziri akajadiliana naye kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata, wakapatana: jalada jipya, nyota ihamishwe, na kazi ikiisha kompyuta iwe yake hadi magharibi. Akajiongezea na cheo. Mfumo wa iTax humtaka anayeingia ajibu hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa, naye akatoa amri kwamba hakuna mwingine atakayeijibu.

Katikati ya shughuli akaingia shemeji yangu Profesa, yuko chuo kikuu mwaka wa pili, kafuata harufu ya wali wa nazi. Ana PIN tangu alipoomba mkopo wa HELB, na anashikilia kwamba asiye na mapato hana la kufaili. Nikamwambia, la hasha, mwenye PIN asiye na kipato hufaili ritani ya sufuri, na akiacha Juni 30 ipite, faini ni 2,000. Dakika tano tu inakwisha. Akaweka sahani chini. Salim akamfanyia hesabu ya kuingilia, 2,000 za watu zikanusurika.

Ya Waziri ilipita saa tisa alasiri. Akaitazama tarakimu ya deni, akaitazama tena. Nikamwambia tulipe sasa tuondokane nalo.

"Si umesema mwisho Aprili 30?"

"Ndiyo."

"Basi nitalipa tarehe 29. Hadi siku hiyo pesa zangu zikae kwangu."

Sheria iko upande wake. Kufaili mapema hakumlazimishi mtu kulipa mapema. Nikavuta kiti nianze ritani yangu, lakini Salim alikuwa ameshasimama ubavuni, mkono umenyooshwa, anadai kompyuta yake.