Kabla ya Kumhukumu Kuku Asiyetaga

Mashtaka yanajulikana: anakula mahindi, hatagi. Huku kwetu Muheto, Masisi, kesi ya namna hiyo haikawii. Mama mwenye nyumba ndiye hakimu, watoto ndio mashahidi, na sufuria iko motoni kabla mshtakiwa hajafungua mdomo. Huu basi ni mwongozo wa wakili wake.

Anza na hesabu. Yai moja humchukua kuku kama saa 25 kulitengeneza, kwa hiyo hata hodari wao hukosa siku. Kuku wa kienyeji hutaga mfululizo, mara nyingi mayai 10 hadi 15, halafu huatamia siku 21. Anayebadilisha manyoya naye hupumzika. Hao hawana kosa, waachilie.

Anayetoroka kiota na kuacha mayai yapoe, huyo achunguzwe, tena usiku. Mchana utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za mbao na katika nyasi za kiota. Giza likiingia hutoka kunyonya damu. Chukua tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya mti wanaolalia. Kikitoka na madoa mekundu, mwizi wa mayai umempata. Tazama na upanga wa kichwani: ukipauka, damu imepungua. Anayeatamia huumia kuliko wote kwa sababu anakaa palepale usiku kucha, na mwisho uvumilivu humshinda. Usiseme jirani amemtia jicho. Chawa, tofauti na utitiri, hawaendi popote, huishi mwilini mchana na usiku. Funua manyoya chini ya mkia utaona mayai yao meupe yameganda kwenye mashina.

Adhabu iwapate wahalifu wenyewe. Choma nyasi zote za kiota. Mwaga maji yanayochemka katika kila ufa, na urudie baada ya wiki, kwani mayai ya utitiri huanguliwa ndani ya siku chache. Kuhamisha kuku peke yake hakutoshi: utitiri huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, ukingojea wageni. Kwa kuwa mvua za Masisi haziachi vumbi kavu, weka majivu na udongo mkavu chini ya paa kuku aogee. Miguu ikiwa na magamba yaliyoinuka, ipake mawese. Ila dawa ya kupulizia viazi usimguse nayo kamwe. Sumu huingia katika mayai, na mayai hayo wanakula watoto.

Ninamtetea kwa sababu vita vimewahamisha watu wa Masisi na Walikale mara nyingi. Shamba hubaki, ng'ombe huporwa, kuku hubebwa mkononi. Mayai yake hununua chumvi na daftari za shule.

Mama, epua sufuria hiyo. Usiku huu nenda bandani na tochi, na kesho asubuhi choma nyasi za kiota.