Kufuli ya Jikoni

Matanga ya baba yalipokwisha nyumbani Luofu, huko Lubero, kaka yetu mkubwa alitoa karatasi mfukoni akasema ni wasia. Shamba la viazi, msitu wa mikaratusi, nyumba na ng'ombe wawili, vyote vilikuwa vya wana watatu wa kiume. Mimi na mdogo wangu tuliambiwa tumeolewa, hatuna fungu. Dada yetu wa Butembo, ambaye baba alimzaa nje ya ndoa, hakutajwa kabisa.

Shangazi akasimama. "Mwanangu, mwandiko huu ni wa nani? Barua za kaka yangu nimezisoma maisha yangu yote." Kaka akajibu kwamba baba alikuwa hoi, akamwamuru aandike, kisha akatia kidole.

Kesho yake akatia kufuli kwenye ghala na jikoni. Mama akahamishia mafiga barazani, na mvua za kwetu zikawa zinamzimia moto kabla maharage hayajaiva. Ghalani zilikuwamo mbegu za viazi, nasi tuliziomba kwa siku nyingi. Kufuli ilipofunguliwa, nusu ilikuwa imeoza na msimu wa kupanda umepita. Mikaratusi nayo ilianza kuanguka mmoja mmoja, mbao zikashushwa Kirumba, na sisi tukasikia bei kwa majirani.

Dada wa Butembo alikuja na chumvi, sabuni na cheti alichoandikishwa na baba ofisi ya hali ya raia akiwa mdogo. Wanaume hawakumpa kiti. Mama, ambaye angeweza kumchukia mtoto yule na asilaumiwe na mtu, alisogea akamketisha kwenye mkeka wake. Nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote.

Tukaenda tribinali ya amani. Sheria ya familia ya Kongo ya Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haina maneno mengi hapo: wasia wa maandishi usiopita kwa mthibitishaji wala kwa afisa wa hali ya raia sharti uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe, utiwe tarehe na saini. Wa kwetu ulikuwa mwandiko wa mrithi. Hata kama baba angeuandika mwenyewe, robo tatu ya mali ni ya watoto, na wasia hauwezi kuimega. Wa kiume na wa kike wanagawana sawasawa, na mtoto wa nje anahesabiwa pamoja nao ikiwa baba alimtambua kisheria angali hai. Mjane naye ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, jiko likiwamo.

Cheti kile ndicho kilichomwokoa dada yetu. Nawajua wanaume wa Lubero wanaompelekea mtoto wa nje karo na viatu, lakini ofisini hawaendi, wakiogopa maneno ya nyumbani. Wanamwachia mtoto kazi ya kushindana na ukoo mzima huku shahidi wake mkuu yuko kaburini. Naomba waende wiki hii.

Hakimu alifuta wasia, akagawa robo tatu kwa watoto sita, akaiacha robo kwa mama na ndugu za baba. Usimamizi wa mirathi akampa kaka wa pili, na bei ya mikaratusi akaikata katika fungu la mkubwa. Kaka mkubwa akakata rufaa.

Kabla rufaa haijasikilizwa, vita vikatufikia. Mji wa Kanyabayonga ulipotekwa mwishoni mwa Juni 2024 tulikimbilia kaskazini na magodoro kichwani, na mlango uliotufungukia Butembo ulikuwa wa dada yule, vyumba viwili vya kupanga. Kaka mkubwa alifika baada yetu na wanawe wanne. Dada aliwatandikia sebuleni, akaazima sufuria kubwa kwa jirani.

Mama alimwuliza kaka mbele ya watoto kama ataiondoa rufaa. Kaka alinyamaza. Dada akasema, "Mama, mwache ale kwanza." Mpaka naandika haya hajaiondoa, na bado anakula pale.